TAARIFA KWA WANACHAMA: MSTAAFU WA GENGENI HANA TAMAA, AMEPUNJWA

Ndugu wanachama,

Tangu juzi inazunguka kwenye makundi ya kata yetu sauti ya mtu mmoja anayewasema wastaafu. Anadai waliostaafu kwa hiari walitaka wenyewe, mafao wameshakula, na sasa wanabanana na vijana kwenye magenge na vibanda vya uwakala kwa tamaa tu. Tumeona wanachama wetu wakiisambaza na kuweka vicheko. Tawi haliwezi kunyamaza.

Tuanze na hilo neno hiari. Mtumishi anaruhusiwa kuondoka akifika miaka 55, na akifika 60 anaondolewa. Wastaafu wa tawi hili tunawajua kwa majina na kwa milango yao. Yupo mwalimu aliyefundisha madarasa ya watoto zaidi ya mia mpaka koo likagoma. Yupo muuguzi aliyeandika barua za uhamisho miaka nenda rudi ili aishi na mume wake, asijibiwe hata moja. Wapo waliorudi kuuguza mzazi. Na wapo walioondoka kwa hofu tu: waliona kikokotoo kinabadilishwa 2018, kelele zikapigwa kikasitishwa mwaka uleule, kikarudi kwa sura nyingine 2022, kikaguswa tena 2024. Wakasema bora tutoke kabla hakijaguswa mara nyingine. Hiyo ndiyo hiari mnayoichekea.

Sasa hesabu. Chukueni kalamu, maana hapa ndipo wengi wanapodanganywa.

Mtumishi wa PSSSF ana wastani wa mshahara wa shilingi 800,000 na amechangia miaka 25, yaani miezi 300. Mshahara wake wa mwaka ni 9,600,000. Zidisha kwa 300, gawanya kwa 580, unapata kama 4,965,000. Hiyo ndiyo pensheni ya mwaka kabla ya kukata mkupuo. Kwa waliokuwa kwenye asilimia 50 zamani, wakashushwa hadi 33, mkupuo leo ni asilimia 40, na huzidishwa kwa 12.5. Mtu wetu anapewa takriban milioni 24.8 mkononi, na baada ya hapo takriban 248,000 kila mwezi. Kutoka laki nane hadi laki mbili na nusu pungufu! Watoto ni walewale, na bei ya unga haijui kama umestaafu.

Mtu huyohuyo kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF, yaani kugawanya kwa 540, kuzidisha kwa 15.5 na mkupuo wa asilimia 50, angepata takriban milioni 41.3 na pensheni ya kama 222,000 kwa mwezi. Kwa hiyo amenyang'anywa milioni 16.5 za mkupuo, akaongezewa elfu 26 kwa mwezi. Tumepiga hesabu hiyo mara tatu tukidhani tumekosea. Ili hizo elfu 26 zirudishe milioni 16.5 anahitaji zaidi ya miezi 630, karibu miaka 53. Aliyestaafu na miaka 55 asubiri mpaka afike 108. Halafu anaambiwa ana tamaa.

Tunajua jibu lililoandaliwa: mifuko ilikuwa hoi. Ni kweli ilikuwa hoi. Lakini nani aliifikisha hapo? PSPF ilibebeshwa pensheni za watumishi wa kabla ya 1999 ambao michango yao haikuwahi kuwekwa, na serikali ikachelewa miaka mingi kulipa deni hilo. Mwalimu alikatwa asilimia 5 yake kila mwezi bila kukosa. Hakuchelewa yeye.

Tuje kwenye hilo genge. Kabla ya kustaafu mtumishi huitwa semina. Anafundishwa kufuga kuku, kupanga bajeti, kuwa mjasiriamali, na kwa wanaume haikosi nasaha kwamba wasiongeze mke. Wanapigiwa makofi, wanakunywa soda, wanarudi nyumbani. Sasa mwanaume wa miaka 56 aende halmashauri kutafuta mtaji. Asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba imegawanywa hivi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Makundi hayo yanastahili na hatutaki yapunguziwe hata senti. Ila mzee wetu hayumo popote. Serikali iliyomwambia ajiajiri haina fungu lake. Anayemkaribisha ni mkopeshaji wa kausha damu, ambaye haulizi umri, anauliza kadi ya benki na namba ya siri.

Akifungua genge kwa hela yake, anakutana na kodi. Msamaha wa kodi ya mapato kwa mfanyabiashara mdogo unaishia kwenye mauzo ya milioni 4 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365: kama 11,000 kwa siku. Mauzo hayo, si faida! Genge lenye nyanya, vitunguu na mkaa wa kupima linavuka hapo kabla ya adhuhuri, na mwenye genge jioni hana hata elfu tatu ya kwake. Mgambo naye bado hajapita.

Kwa vijana wa tawi: tunajua mna hasira ya ajira, na ni haki yenu. Lakini angalieni anayelisha nani. Kwenye nyumba nyingi za mtaa huu ile 248,000 na faida ya genge ndivyo vinavyomlisha kijana mwenye shahada asiye na kazi. Na zile milioni 16.5 ndizo zingekuwa bodaboda yako, au mtaji wa saluni ya dada yako. Aliyezichukua si mwalimu wako.

Msimamo wa tawi ni huu. Mkupuo urudi asilimia 50, na wabunge wanaokuja kuomba kura wajibu hilo kwanza kabla ya kugawa fulana. Sheria ya mikopo ya halmashauri iongezewe fungu la wastaafu bila kugusa makundi yaliyopo. Hapa kwetu, diwani apeleke kwenye baraza hoja ya kuwafutia ushuru wastaafu wenye magenge ya mbele ya nyumba zao. Na mwanachama atakayeendelea kusambaza ile sauti ataitwa na kamati.

Jumamosi saa 10 jioni ofisi ya tawi itakuwa wazi. Kila mstaafu, na kila mtumishi aliyefika miaka 50, alete nakala ya taarifa ya michango yake tuikague pamoja, miezi isiyowasilishwa na mwajiri tuiorodheshe. Msilete kadi za benki wala namba za siri, na yeyote atakayewapigia kuziomba kwa jina la tawi ni tapeli.

Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi