Barakoa, mbwa aliyekosa shule mwaka 2020

Najua wengi mlitegemea leo niendelee na palizi ya ufuta. Palizi tutarudi kwayo. Leo naongelea mbwa, tena mbwa wetu wa nyumbani, maana naona makosa tuliyoyafanya kwake ndiyo mnayoyafanya wengi huko mashambani.

Anaitwa Barakoa. Mwili wake ni wa kahawia ila mdomo na pua ni vyeusi tii, kama amevaa barakoa, ndiyo watoto wakampa jina hilo. Alifika kwetu Kivinje Aprili 2020, ana wiki sita hivi. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Machi 16, kesho yake Waziri Mkuu Majaliwa, mtu wetu wa Ruangwa, akatangaza shule zifungwe. Watoto wakakaa nyumbani mpaka Juni 29. Sisi hatukufungiwa ndani kama nchi nyingine, shambani tulikwenda, lakini wageni walipungua na watoto hawakuwa na kazi nyingine zaidi ya huyo mbwa.

Mama yangu aligoma mwanzoni. Nikamwambia, "Mama, huyu ni wa shamba, nguruwe wametumalizia muhogo." Akafikiri kidogo. "Wa kulinda shamba sawa, dini haijakataza. Lakini akilamba sufuria yangu utaiosha wewe, mara saba, na udongo juu." Tukamtengea bakuli lake la bati nyuma ya nyumba, mambo yakaisha.

Basi Barakoa akalelewa na watoto watatu, bibi mmoja na kuku. Akatoka na vituko vyake. Ile ndoo ya kunawia mikono yenye koki iliyokuwa mlangoni, alikuwa anakaa chini yake siku nzima anasubiri mtu anawe apate matone. Mpaka leo akisikia maji yanachuruzika anakuja mbio, hata kama uko msalani. Kuku mwenye vifaranga aliwahi kumdonoa puani, na mpaka leo mbwa mzima wa miaka mitano akikutana na kuku njiani anapisha. Tulicheka sana kipindi hicho, na kwa kweli kilikuwa kipindi ambacho kicheko kilihitajika.

Kicheko kiliisha tulipompeleka shambani, huko mbele ya Nangurukuru ukielekea Lindi. Alikuwa na miezi minane. Lilipita kundi la ng'ombe wa wafugaji, Barakoa akajificha chini ya dungu, akatoka jioni. Walipokuja vibarua, watu kumi na majembe, akawa anatetemeka huku ananguruma. Mmoja akarudi nyuma bila kumwona, akamkanyaga, suruali ikachanika. Mungu bahati jino halikufika kwenye nyama.

Vibarua wakasema huyu mkali, atafaa. Hapo ndipo nilipogundua tatizo letu liko wapi. Hakuwa mkali, alikuwa mwoga.

Mtoto wa mbwa ana wiki chache za kuijua dunia, kuanzia wiki ya tatu mpaka kama ya kumi na nne. Anachokutana nacho humo bila kuumizwa anakichukulia kuwa ni cha kawaida. Asichokutana nacho, baadaye anakiogopa, na mbwa mwoga ndiye anayeuma ovyo. Sasa piga hesabu. Wiki hizo za Barakoa ziliangukia kipindi kilekile shule zilipofungwa. Ng'ombe hajawaona, pikipiki hajaizoea, mwanamume mgeni mwenye panga begani hajamwona. Watoto walirudi shule, yeye yake ilishampita.

Kwenu hakuna korona ya kusingizia. Naona michanganuo yenu ya biashara, imeandikwa vizuri: mbegu, viuatilifu, bomba la kupulizia, posho za vibarua, hata vocha za simu mmeweka. Mbwa hayumo. Halafu nikifika shambani namkuta amefungwa kamba ya katani kwenye dungu, mbavu zinahesabika, anategemewa afukuze nguruwe na nyani usiku kucha. Wengine humlisha pilipili eti awe mkali, na humkatazi mtu akizungumza habari ya kumzoesha watu bila kuambiwa "akizoea watu hatalinda." Mimi sikubaliani. Mbwa aliyezoea watu anajua kutofautisha kibarua na nguruwe. Aliyefungwa tangu mdogo hatofautishi, na siku kamba ikikatika atamkuta mtoto wa jirani yako.

Barakoa ilituchukua msimu mzima kumrudisha kwenye mstari. Kila siku ya vibarua mtoto wangu mkubwa alikaa naye mbali kidogo, mfukoni ana vipande vya samaki mkavu. Vibarua wakisogea hatua mbili na yeye hajanguruma, anapata kipande. Kazi ya wiki mbili kwa mtoto wa mbwa, sisi tuliifanya miezi.

Sasa la chanjo, na hapa sitanii. Kuanzia 2010 Lindi na Mtwara zilikuwa kwenye mradi wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo wapo wanaodhani mambo hayo yalishaisha. Hayajaisha. Kwetu kusini ugonjwa huu haukai kwa mbwa peke yao, bweha nao wanao.

Juni 2022 tunasimamisha matita ya ufuta, saa nne asubuhi, bweha akaingia shambani anatembea tu, watu hawaogopi. Bweha wa namna hiyo si wa kumbahatisha. Barakoa na mbwa wa kijana jirani yangu wakamvamia, wote wawili wakaumwa kabla vibarua hawajamuua. Barakoa alikuwa na kadi, amechanjwa Aprili. Akachanjwa tena haraka, tukamfungia tukimwangalia siku 45, akatoka mzima. Yule mwingine alikuwa hajawahi kuchanjwa, ikabidi auawe siku ileile. Jirani alilia, mwanaume mzima. Na kibarua aliyewaamua alikuwa na mchubuko mkononi. Tukamwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, tukampakia pikipiki kwenda hospitali kuanza sindano, na alirudi huko mara kadhaa kwa nauli ya jirani. Hakuna aliyebishana, maana dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Mbwa anachanjwa akifika miezi mitatu, halafu kila mwaka. Muulize afisa mifugo wa kata yako, na weka fedha hiyo kwenye bajeti kabla ya mbolea.

Jirani kachukua mtoto mwingine wa mbwa mwezi uliopita. Nimemwambia asimshushe chini penye mbwa wasiojulikana kabla ya chanjo, ila ambebe mkononi, apite naye kwenye ng'ombe, sokoni Nangurukuru, kwa vibarua, kila mahali. Jumamosi alipita naye kwetu kwenye kikapu. Barakoa alimnusa, akarudi zake kwenye ndoo. Mama aliyekuwa jikoni akauliza huyo mdogo ameshakula nini.