Huduma ya Bure Hulipiwa na Nani?

Miji itakayo huduma za kisasa pasi na kugusa hazina yake aghalabu huingia ubia na makampuni binafsi. Ubia si jambo baya, ila una masharti yake.

Mwaka 2014 jiji la New York lilitia saini mkataba wa kuondoa vibanda vya simu za kulipia na kusimamisha nguzo za intaneti ziitwazo LinkNYC. Tangu 2016 wapita njia hupata intaneti bila malipo. Gharama hutegemea matangazo ya biashara yanayoonyeshwa kwenye nguzo hizo, na jiji liliahidiwa mgawo wake. Mapato hayakufikia matarajio. Kufikia 2020 jiji lilikuwa likiwadai wabia wake makumi ya mamilioni ya dola. Nguzo nyingi zilikuwa Manhattan, penye soko la matangazo, ilhali mitaa ya wanyonge ilipata chache.

Basi tusikiapo neno "bure", tuulize: hasara ikitokea, ataibeba nani? Mtaa usio na faida utahudumiwa? Taarifa za watoto wetu zitahifadhiwa na nani? Majibu yaandikwe mkatabani, nao usomwe hadharani kabla ya kutiwa saini.