Ngoma Haijipigi

JICHO LA ELGON
Na Nambozo Wafula

Msimu uliopita wa imbalu, jando la Wagisu, nilisimama kando ya barabara, hapa Mbale, msafara wa kadodi, ngoma ya jando hilo, ukipita. Mzee mmoja alikuwa ameitundika ngoma shingoni, anaipiga mpaka jasho linamwingia machoni, asipate hata nafasi ya kulifuta. Mgeni mwenye kamera alimpiga picha kwa muda mrefu, kisha akamwuliza kijana aliyekuwa karibu: "Ngoma hii inaitwaje?" Akajibiwa, akashukuru, akaenda zake. Jina la mzee hakuliuliza. Nami sikuliuliza, na hilo linanikera hadi leo.

Kwingine msanii hasahauliki hivyo. Leslie Banks, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1890, alianza kuigiza jukwaani mwaka 1911. Vita Kuu ya Kwanza vikamrudisha na jeraha lililoupoozesha upande mmoja wa uso. Hakuacha kazi. Penye mapenzi au kichekesho aliwaelekezea watazamaji upande mzima; penye mkasa mzito au huzuni, aligeuza upande wenye kovu. Alifariki mwaka 1952, na bado tunayajua haya, kwa kuwa kwao mwigizaji huandikwa.

Mwaka 1935 Banks aliigiza mtawala wa kikoloni katika filamu ya Sanders of the River. Yeye aliigiza akiwa Uingereza, lakini ngoma zilizoipamba filamu hiyo zilipigwa picha Afrika, za Uganda zikiwemo. Katika orodha ya waigizaji, Banks ana jina. Paul Robeson, Mmarekani mweusi ambaye baadaye aliikana filamu hiyo kwa jinsi ilivyoutukuza ukoloni, naye ana jina. Wachezaji wetu waliandikwa kwa jumla tu: watu wa kabila la Acholi. Hata Jomo Kenyatta, rais wa baadaye wa Kenya, aliyekuwa akiishi London na kupewa kijisehemu cha chifu, hakutajwa.

Wakoloni walishaondoka, ila tabia hiyo ya kutowataja wasanii tumebaki nayo. Nenda harusini Jinja: mshereheshaji atatangaza "kikundi cha tamenhaibuga", ngoma ya Wasoga, watu watashangilia, watatunza, na aliyewafundisha wachezaji wale kukata kiuno hatasikika akitajwa.

Wapo watakaosema ngoma ni mali ya ukoo, si ya mtu mmoja. Ni kweli. Lakini ukoo haupigi ngoma. Anayepiga ni mtu, kwa mikono yake, na siku akifa anakwenda na mapigo ambayo hakuna mwingine aliyeyashika.

Imbalu huja kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kwa hiyo muda wa kujiandaa tunao. Kila kikundi kiwe na daftari: jina la msanii, kijiji chake, na nani alimfundisha. Watangazaji wa redio na washereheshaji wasome majina hayo kabla ngoma haijalia. Walimu wawatume wanafunzi kwa wazee wao na kalamu mkononi.

Mimi nimeulizia, nikaelekezwa kwa yule mzee. Jumamosi naenda kwake, na swali la kwanza nitakalomwuliza ni lile nililopaswa kumwuliza siku ile barabarani.