Taya la Mtoto Lina Wakati Wake



Ndugu wazazi na wanafunzi wa Mukuju, Tororo na Busia zote mbili, leo tunaomba tuzungumzie kinywa cha mtoto. Huenda mmoja wenu akauliza: ada ya shule inatushinda, iweje tuhangaikie meno yaliyokaa vibaya? Jibu letu ni kwamba baadhi ya kasoro za taya hurekebishika utotoni bila kisu, lakini zikiachwa hadi utu uzima huenda zikahitaji upasuaji.

Kaakaa, yaani dari ya kinywa, imeungana katikati kwa mshono wa mfupa. Utotoni mshono huo haujakaza. Baada ya balehe hukaza zaidi na zaidi. Taya la juu likiwa jembamba, magego ya juu huangukia ndani ya yale ya chini badala ya kuyafunika kwa nje. Mtoto hulazimika kusogeza taya upande mmoja ili atafune, na uso unaweza kukua ukienda upande.

Hapo ndipo daktari wa kupanga meno hutumia kipanua kaakaa. Ni chombo cha chuma kinachoshikizwa kwenye magego, chenye skrubu katikati. Mzazi huizungusha kwa ufunguo mdogo, mara moja au mbili kwa siku kama alivyoagizwa, na kila mzunguko hupanua kama robo ya milimita. Mwanya ukitokea kati ya meno ya mbele msishtuke, kwa kawaida hujifunga wenyewe. Kisha chombo huachwa kwa miezi kadhaa ili mfupa mpya ujaze pengo. Jambo hili si geni: Emerson Angell wa San Francisco aliandika habari zake mwaka 1860, na Andrew Haas akalifufua huko Marekani mwaka 1961.

Je, huku si kubadilisha maumbile ya Allah? Swali hili ni la haki. Katika hadithi wamelaaniwa wanaotenganisha meno kwa ajili ya urembo. Lakini pia Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea habari za Arfaja, aliyepoteza pua katika vita vya Kulab. Pua ya fedha aliyoweka ilipotoa harufu, Mtume (s.a.w.) alimwamuru aweke ya dhahabu. Wanavyuoni wameitegemea habari hii katika kutofautisha urembo na kuondoa madhara. Mtoto asiyeweza kutafuna sawasawa yumo katika mlango wa tiba.

Hata hivyo, tusirukie skrubu tukasahau yanayotokea majumbani. Maoni yetu ni haya:

Kwanza, tuache kuwachokoa watoto wachanga ufizi. Uganda huitwa ebiino, Tanzania meno ya plastiki. Mtoto akiharisha na kupata homa, husemwa kwamba uvimbe kwenye ufizi ndio ugonjwa, basi huchokolewa kwa kisu au spoku ya baiskeli. Uvimbe ule ni chonge ya utotoni inayojiandaa kuota! J. J. Pindborg aliandika juu ya madhara haya nchini Uganda mwaka 1969, na hadi leo tunayaona. Mtoto anaweza kuvuja damu, kupata maambukizi, hata kufa; na akipona, chonge yake ya kudumu inaweza kuota ikiwa na kilema au isiote kabisa. Mwenye kuharisha anahitaji maji ya ORS, zinki na kupelekwa kituo cha afya, na Mukuju tunacho.

Pili, tuyatunze meno ya utotoni. Wengi husema yang'olewe tu, yatang'oka yenyewe. Magego hayo hukaa hadi miaka 10 au 12 yakilinda nafasi ya meno ya kudumu. Yakiondoka mapema, jirani zake husogea na meno mapya hukosa pa kuotea. Tupunguze peremende na soda, na mtoto apige mswaki kwa dawa yenye floraidi kila siku.

Tatu, mtoto akaguliwe akifika miaka 7, umri unaopendekezwa na chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani. Nyumbani, mwambieni ang'ate, kisha mvute mashavu taratibu mtazame magego. Mkiona ya juu yameingia ndani, au mtoto bado ananyonya kidole au anapumua kwa mdomo usiku kucha, muoneni daktari wa meno.

Nne, tuulize kabla ya kulipa. Si kila mtoto mwenye meno yaliyobanana anahitaji kipanua kaakaa. Kutoka kwetu, tiba hii mara nyingi humaanisha safari za Kampala au Nairobi, tena si safari moja. Uliza utarudi mara ngapi na chombo kitakaa muda gani. Kama nauli ya kurudi haipo, ni afadhali kungoja na kujipanga kuliko kumfunga mtoto skrubu isiyo na mwangalizi.

Watoto ni amana. Amana haitunzwi kwa fedha tu. Mara nyingine hutunzwa kwa kuzuia mkono unaotaka kuchokoa ufizi.

Wallahu a'lam. Wassalaam alaykum.