Gari la dizeli linapochemsha, mtoto akae mbali na boneti

Familia ya watu watano ilikuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Iringa kwa mapumziko ya Desemba. Gari lao, Toyota Prado la dizeli lenye zaidi ya miaka 20, lilipita Morogoro na Mikumi bila shida. Lilipoanza kupanda Mlima Kitonga nyuma ya msururu wa malori, mshale wa joto nao ukaanza kupanda.

“Baba, huo mshale mbona umevuka katikati?” mama aliuliza.

“Tumalizie kwanza hiki kipande cha mlima,” baba alijibu.

Hawakukimaliza. Mvuke ulianza kutoka kwenye boneti, baba akaegesha pembeni, akachukua kitambaa na kwenda kufungua rejeta. Mtoto wa miaka sita alishuka kumfuata, akasimama ubavuni mwake atazame. Uso wake ulikuwa karibu usawa mmoja na mfuniko.

Utingo wa lori lililokuwa limesimama mbele yao alikuja mbio. “Kaka, acha! Usiguse huo mfuniko. Mama, mtoe mtoto hapo mbele!”

Baba alirudisha mkono. Kwa sababu hiyo familia ile ilifika Iringa ikiwa imechelewa tu, badala ya kufikia wodi ya majeruhi wa moto.

Kwa nini mfuniko ni hatari

Maji yaliyo ndani ya rejeta hayachemki kama ya sufuria. Mfumo wa kupoza injini umefungwa, na mfuniko wake huzuia mgandamizo usitoke. Kwa mgandamizo huo, maji yanaweza kufika hata nyuzi joto 110 au zaidi bila kuchemka. Mfuniko unapofunguliwa, mgandamizo huondoka ghafla, maji hugeuka mvuke papo hapo na kuruka juu kwa nguvu. Kitambaa mkononi hakizuii kitu hicho kufika usoni, kifuani na mikononi.

Kwa mtoto, madhara ni makubwa zaidi. Ngozi yake ni nyembamba kuliko ya mtu mzima, hivyo huungua haraka na kwa kina. Maji ya nyuzi joto 60 tu yanaweza kumuunguza mtu mzima vibaya ndani ya sekunde tano, na mtoto hata kabla ya hapo. Ya rejeta iliyochemsha yamezidi kiwango hicho kwa mbali.

Mshale ukianza kupanda

Kosa la kwanza ni lile la “tumalizie mlima”. Injini nyingi za dizeli za magari haya, mfano 1KZ-TE ya Toyota, zina silinda hedi ya aluminiamu iliyokaa juu ya bloku ya chuma. Joto likizidi, aluminiamu hutanuka kuliko chuma, hedi hupinda au kupasuka na gasketi huungua. Kinachoanza kama mpira unaovuja huishia kuwa injini ya kufunguliwa yote.

Dereva anayeona mshale umepita mahali pake pa kawaida anashauriwa kuzima kiyoyozi, kufungua madirisha na kuwasha hita hadi mwisho. Ni joto la kuudhi kwa abiria, lakini hita huondoa sehemu ya joto la injini wakati akitafuta pa kuegesha. Hita ikipuliza hewa ya baridi ilhali mshale uko juu, huenda maji yameisha, na hapo injini izimwe mara moja. Maji yakiisha kabisa, mshale wenyewe unaweza kushuka na kumdanganya dereva, kwa kuwa kipima joto hakiguswi tena na maji.

Gari likishasimama, watoto washuke upande usio na magari, wakae nyuma ya kingo za barabara kivulini, wakiwa na mtu mzima. Wasiachwe ndani ya gari lililofungwa juani, na wasiruhusiwe kuzunguka boneti. Pembetatu za kuakisi ziwekwe nyuma ya gari kwa umbali wa kutosha, hasa kwenye kona za mlima.

Kisha ni kusubiri. Nusu saa mara nyingi haitoshi. Mfuniko usiguswe hadi mpira wa juu wa rejeta uwe umepoa na ukiminywa uwe laini. Hata hapo, mfuniko ufunikwe kwa kitambaa kinene, uso ugeuziwe pembeni, uzungushwe hadi kituo cha kwanza na kuachwa hadi sauti ya mvuke iishe. Maji ya baridi yasimwagwe kwenye injini ya moto, kwa sababu chuma kinachopozwa ghafla hupasuka.

Ugonjwa uko wapi?

Mzazi hahitaji kuwa fundi, lakini akijua gari linachemsha wakati gani, atamsaidia fundi na atapunguza kubadilishiwa vifaa kwa kubahatisha.

Gari linalochemsha kwenye foleni au kwenye mlima wa mwendo mdogo, lakini likitulia kwenye barabara iliyo wazi, mara nyingi lina tatizo la feni. Magari mengi ya dizeli ya zamani yana feni inayoendeshwa na injini kupitia klachi yenye mafuta mazito ndani. Mafuta hayo yakivuja, feni huzunguka kivivu. Fundi huipima injini ikiwa imezimwa, kwa kuizungusha kwa mkono. Ikizunguka kwa urahisi mno wakati injini ina joto, klachi imechoka.

Linalochemsha kwa mwendo mkubwa au likiwa na mzigo huenda lina rejeta iliyoziba kwa kutu na chokaa, au iliyojaa vumbi na wadudu kwa nje.

Mpira wa juu ukiwa wa moto sana na wa chini ukabaki baridi, themostati inaweza kuwa imekwama ikiwa imefungwa. Wapo mafundi wanaoitoa kabisa. Hilo si tiba: injini hukaa baridi kuliko inavyotakiwa, hula mafuta zaidi, na kwa baadhi ya injini maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, hivyo joto huongezeka badala ya kupungua.

Maji yakipungua bila kuonekana dimbwi, ziangaliwe alama za rangi nyeupe au kijani kwenye viungo vya mipira, unyevu chini ya pampu ya maji, na zulia la abiria wa mbele. Zulia likiwa limelowa na kunukia kitu kitamu, hita inavuja ndani ya gari.

Dalili za gasketi ni mapovu yanayoendelea kwenye rejeta, mipira inayokuwa migumu dakika chache baada ya kuwasha gari la baridi, moshi mweupe usiokoma, au mafuta ya injini yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Gari la namna hiyo lisiendelee na safari.

Mara nyingine tatizo ni dogo: mfuniko wenye raba iliyokatika hauzuii mgandamizo, na maji humwagika mapema. Mfuniko mpya ni nafuu kuliko vifaa vingi vilivyotajwa hapa.

Kulanti si kinywaji

Maji ya bomba peke yake huleta kutu, ndiyo maana rejeta huhitaji kulanti. Kulanti nyingi zimetengenezwa kwa ethilini glaikoli, sumu isiyo na harufu kali, yenye ladha tamu na mara nyingi rangi nzuri ya kijani au nyekundu. Mtoto akiiona kwenye chupa ya soda ataiona kama juisi, na kiasi kidogo kinaweza kuharibu figo zake na kuondoa uhai.

Isihamishiwe kwenye chupa za maji au soda, isiachwe kwenye beseni gereji au uani, na iliyomwagika isafishwe. Mtoto aliyekunywa huenda akaonekana kama mlevi, kutapika au kusinzia, na baada ya saa kadhaa kupumua kwa kasi. Asisubiriwe hadi dalili zionekane, wala asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenye lebo, kwani dawa hufanya kazi vizuri ikitolewa mapema.

Mtu akiungua

Sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida, si barafu, kwa dakika 20. Safarini, maji ya kunywa ya chupa yatumike kwa kazi hiyo kabla ya rejeta. Nguo, saa na pete vivuliwe mapema kabla ya uvimbe, isipokuwa vilivyoganda kwenye ngozi. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi.

Dawa ya meno, asali, yai, mafuta ya kula na unga visipakwe. Hufungia joto ndani, huleta maambukizi na humlazimu mhudumu kuvikwangua juu ya jeraha bichi. Malengelenge yasipasuliwe. Mtoto aliyeungua, au mtu yeyote aliyeungua usoni, mikononi, kwenye viungo, sehemu za siri au eneo kubwa kuliko kiganja chake, aende kituo cha afya.

Iringa mjini, fundi aligundua kuwa klachi ya feni ya Prado lile ilikuwa imechoka, na rejeta imejaa kutu ya miaka ya kujaziwa maji matupu. Vyote vilishughulikiwa kabla ya safari ya kurudi. Asubuhi ya kuondoka, injini ikiwa bado baridi, baba alifungua mfuniko kukagua maji. Mtoto alikuja tena kutazama, lakini safari hii mama alimwita mapema, naye akasimama kando ya mlango wa nyuma hadi boneti ilipofungwa.