Fundi, usifomati kwanza!

Jamani mafundi wa kompyuta wa hapa Bondeni, nawasihi: diski kutosomeka si kuharibika! Juzi jirani yangu kapeleka diski yenye picha za harusi, alizotiliwa na mwanawe anayetumia Ubuntu. Partisheni ni ext4, na Windows yenyewe haina draiva ya kuisoma, basi ikauliza: nifomati? Fundi akabonyeza ndiyo. Lo! Angewasha Linux kutoka kwenye flashi angeziona zote. Bahati nzuri fomati ya haraka haifuti data yote, huandika faharasa mpya tu. Nimekesha na PhotoRec; nyingi nimezipata, nyingine hazifunguki, majina ya faili yamepotea yote. Na mama wa watu katozwa shilingi 500, ati diski imetengenezwa.