BARAZA LIBAKI KWENYE RAMANI



Kwenye mkutano uliopita, ramani ya ofisi mpya ya kijiji ilipoonyeshwa, baadhi yetu walisema baraza la mbele liondolewe, linakula saruji bure. Sisi tunakataa. Sababu yetu iko huko Same.

Wazee wetu makao ya wilaya waliyaita boma, na boma ni ukuta wa kuzuia watu. Lile la Arusha, la mwaka 1900, Wajerumani walilijenga liwe ngome ya askari. Wenyeji ndio walioshurutishwa kulijenga. Baadaye likawa ofisi za serikali. Nyumba ya namna hiyo haikupimwa kwa ajili ya mwenye shida, yeye nafasi yake ni nje, juani.

Basi wakoloni walipoleta kodi ya kukadiria mali ya kila mtu, ile mbiru, wanaume wa Upare walishuka milimani kwa maelfu. Ilikuwa Januari 1945. Walikaa Same penye makao ya wilaya, siku baada ya siku, wakidai kodi iondolewe. Akina mama wa Usangi nao wakainuka. Mwishowe kodi ikafutwa. Babu zetu walishinda wakiwa wamekaa chini, nje ya ofisi!

Tangu hapo mengi yamepita. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, mwaka 1979 wenzetu wa Mwanga wakapata wilaya yao, mwaka 1984 halmashauri zikarudi. Lakini sheria ya mwaka 1982 inasema mkubwa wa kijiji ni mkutano mkuu, yaani kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi. Huyo mkubwa anakaa wapi? Chini ya mti. Mara ya mwisho mvua ilishuka wakati mapato na matumizi yanasomwa, watu wakakimbia, hesabu ikaishia katikati. Tuseme kweli, sisi viongozi hatukusikitika sana.

Kwa hiyo baraza liwe pana, lizungukwe na kibao cha kukalia cha mawe, na dirisha la karani liwe chini, mama mwenye mtoto mgongoni aongee naye bila kunyanyua shingo. Kama saruji haitoshi, tupunguze chumba cha katibu.

Mawe ya msingi yaanze kuletwa Jumamosi asubuhi. Hesabu iliyokatika itasomwa hapo hapo, kabla ya kazi, kuanzia ukurasa wa kwanza.